Mbinu za kuchagua bosi wa kupigana naye katika Pokémon GO

KATIKA mchezo wa simu wa Pokémon GO, vita vingi hupotea hata kabla ya pigo la kwanza kurushwa. Mchezaji hukosea pale anapomwendea mpinzani asiyemmudu, au anapomaliza sarafu zake kwa kiumbe asiyemfaa kwa lolote.

Mchezo huo, uliozinduliwa na kampuni ya Niantic ya Marekani mnamo Julai 2016, humtaka mchezaji atembee mitaani akisaka viumbe wanaoonekana kwenye simu yake. Mwaka 2017 yaliongezwa mapigano ya uvamizi, ambapo kundi la wachezaji wasiozidi 20 hushirikiana kumkabili bosi mmoja. Wakimshinda, kila mmoja hupata nafasi ya kumnasa.

Suala la kwanza ambalo mchezaji mwerevu hulitafakari ni uwezo. Mabosi hupangwa kwa madaraja. Yule wa daraja la kwanza ana alama 600 za uhai, na mtu mmoja humwangusha bila taabu. Wa daraja la tatu ana alama 3,600. Wale wa daraja la tano, mathalan Mewtwo na Rayquaza, wana alama 15,000 na ni sharti waangushwe katika muda wa sekunde 300. Hapo ndipo wachezaji hung'amua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Asiye na wenzake karibu ni heri amwache bosi wa aina hiyo.

Hata hivyo, wingi wa watu pekee hautoshi. Kila bosi ana udhaifu wake. Mewtwo, ambaye nguvu zake ni za akili, huumizwa zaidi na viumbe wa giza, wa mzuka na wa wadudu. Rayquaza ni joka lenye mbawa, na kwa kuwa barafu huwadhuru majoka na ndege pia, pigo la barafu humwumiza zaidi ya mara mbili na nusu ya kawaida. Kwa hivyo, mchezaji hukagua kwanza jeshi lake. Kama hana viumbe wa barafu waliokomaa, Rayquaza si saizi yake.

Suala la pili ni gharama. Mchezaji hupata tiketi moja ya bure kwa siku. Akitaka zaidi, tiketi ya kawaida humgharimu sarafu 100, ilhali sarafu anazoweza kuchuma kwa kulinda vituo vya mapigano hazizidi 50 kwa siku. Asiyetaka kutumia pesa zake halisi hulazimika kujidunduliza kwa siku mbili ili apigane mara moja zaidi.

Tiketi za kupigana kutoka mbali zilianza mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Covid-19 ulipowafungia watu majumbani. Aprili 2023, bei ya tiketi moja ya aina hiyo ilipanda kutoka sarafu 100 hadi 195, hatua iliyozua malalamiko mengi. Tangu hapo, wanaotegemea tiketi hizo wamelazimika kuchagua kwa uangalifu zaidi.

Aidha, kuna suala la faida. Ushindi haumhakikishii mchezaji kumnasa bosi, kwani mipira ya kumnasia ina idadi maalumu na ikiisha kiumbe hutoroka. Tena, kumkuza kiumbe wa daraja la tano kunahitaji peremende nyingi za jamii yake, hivyo pambano moja halitoshi. Ndiyo maana wazoefu humchagua bosi mmoja atakayewafaa katika vita vijavyo, wakamrudia mara kadhaa, badala ya kugusagusa kila anayejitokeza.

Hali ya hewa nayo ina uzito. Upepo ukivuma, Mewtwo huwa mkali zaidi, lakini atakayemnasa humpata akiwa kiwango cha 25 badala ya 20. Wenye kikosi imara huisubiri hali hiyo, ilhali wanyonge huikwepa.

Mwishowe, maswali ni matatu: je, naweza kumshinda? Ananigharimu nini? Nitamfanyia nini nikimpata? Mchezaji anayekosa jibu la swali la tatu hana sababu ya kulipia tiketi, hata kama bosi mwenyewe anasifiwa na kila mtu.