Tovuti Ndogo za Tathmini ya Bidhaa na Mpangilio wa Majibu ya Google

Mlaji wa Kasulu au Kibondo anayetaka paneli ya sola kwa ajili ya nyumba ambayo nguzo za umeme hazijaifikia ana njia mbili. Aende dukani mjini achague katika zilizopo, au aagize kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, na mzigo usafirishwe kwa basi zaidi ya kilomita 1,000. Katika njia ya pili haishiki bidhaa kabla ya kulipa, na kuirudisha ikiwa mbovu ni gharama juu ya gharama. Ndiyo maana wengi huanza kwa kuiuliza simu: paneli ipi ni nzuri? Makala haya yanaeleza jibu hilo hutoka wapi, na kwa nini la mwaka huu laweza kutofautiana na la mwaka jana ilhali paneli ni zile zile.

Mtambo wa utafutaji kama Google hauijui paneli. Hukusanya kurasa zilizoandikwa na watu, kisha huzipanga kwa kanuni zake wenyewe, na kanuni hizo hubadilishwa mara kwa mara. Kwa kuwa watafutaji wengi hawavuki majibu machache ya kwanza, ukurasa ulioshuka kutoka nafasi ya pili hadi ya arobaini haujafutwa, lakini ni kama haupo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni mambo huweza kuwa kinyume.

Wanaoumia upesi ni wenye tovuti ndogo. Tovuti ya namna hiyo aghalabu ni kazi ya mtu mmoja au wachache wanaonunua kifaa, wakakipima, wakaandika walichokiona. Kipato chao hutokana na matangazo, au kamisheni pale msomaji anapofuata kiungo na kununua. Wasomaji wakipungua, fedha ya kununulia kifaa cha kupima kesho nayo hupungua.

Mfano uliojulikana sana ni wa HouseFresh, tovuti ndogo ya lugha ya Kiingereza inayopima mashine za kusafisha hewa. Februari 2024 ilichapisha malalamiko kwamba majarida makubwa yalikuwa yakiwekwa juu yake kwa orodha za bidhaa ambazo hayakuonyesha dalili ya kuzipima. Mwezi Mei mwaka huo ikaeleza kwamba wasomaji waliotoka Google walikuwa wamepungua kwa takribani asilimia 91. Upande wa pili nao una hoja: kanuni hubadilishwa pia ili kuziondoa kurasa za ulaghai, na tovuti ndogo zinazonakili maelezo ya kiwandani si chache. Mnamo Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya wanaotumia sifa ya tovuti kubwa kupandisha kurasa zisizostahili. Mwezi Mei ikaanza kuwaonyesha watumiaji wa Marekani muhtasari ulioandikwa na akili unde juu ya majibu, na kufikia Oktoba huduma hiyo ilipelekwa katika nchi zaidi ya 100. Anayeridhika na muhtasari hana sababu ya kumtembelea aliyeipima bidhaa.

Kwa msomaji wa Kiswahili liko jambo jingine, nasi twaliona zito zaidi. Aprili 2021 Google ilianzisha utaratibu wa kuzipa nafasi nzuri tathmini zenye ushahidi wa upimaji, kwanza kwa Kiingereza pekee. Februari 2023 ukapanuliwa hadi lugha 11, zikiwamo Kiindonesia, Kivietinamu na Kipolandi. Kiswahili hakikuwamo. Mwandishi aliyepima betri na kuandika kwa Kiswahili hakupewa, wakati huo, kinga iliyowekwa kwa ajili ya watu wa kazi yake.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza katika majibu isichukuliwe kuwa alama ya ubora. Teremka chini, fungua ukurasa wa pili na wa tatu, utafute mtu aliyeishika bidhaa: picha zake mwenyewe, vipimo vyake, na kasoro alizozitaja. Tathmini isiyo na kasoro hata moja tunaishuku. Neno lenye alama ya tangazo juu ya majibu limelipiwa.

Madai mengine waweza kuyapima mwenyewe. Jua kali la adhuhuri huleta takribani wati 1,000 katika kila mita ya mraba, na paneli nzuri za kawaida hugeuza kama moja ya tano tu kuwa umeme. Paneli ya wati 100 basi huhitaji takribani nusu mita ya mraba. Ukiambiwa kwamba yenye ukubwa huo hutoa wati 300, usilipe, hata kama ukurasa unaoisifu ndio wa kwanza kabisa. Mwombe muuzaji urefu, upana na picha ya maandishi ya nyuma kabla ya kutuma fedha.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumhadaa au kumpotosha mlaji. Hifadhi risiti, ujumbe wa malipo na picha ya tangazo lililokushawishi, kwani ukurasa wa mtandaoni hubadilishwa au kufutwa wakati wowote. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Ya ubora wa bidhaa yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania.