Kuchagua Masomo: Ruth Asawa katika Chuo cha Black Mountain

Katika Chuo cha Black Mountain, kilichofunguliwa North Carolina, Marekani, mwaka 1933, hapakuwa na somo la lazima, na sanaa ilikuwa msingi wa elimu, wala si pambo lake. Ruth Asawa alifika huko 1946, baada ya kunyimwa mazoezi ya ualimu kwingineko kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kijapani. Alichora kwa Josef Albers, akacheza dansi kwa Merce Cunningham, akafua nguo za chuo. Mwaka 1947, Toluca, Meksiko, alijifunza kusuka vikapu vya waya. Wengi wangeuita ufundi wa sokoni tu. Yeye akausukia sanamu za kuning’inia, na mstari aliozoea kuuchora karatasini ukasimama hewani.