Kutazama na Kuona Katika Mitandao ya Kompyuta

Kiswahili hupambanua kutazama na kuona: mtu aweza kutazama asione. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa ulinzi wa mitandao ya kompyuta.

Habari ipitayo mtandaoni hukatwa vipande, navyo huitwa pakiti. Kila pakiti ni mfano wa barua: juu ya bahasha pana anwani ya apelekaye na ya apokeaye, ndani mna maneno yenyewe. Siku hizi maneno hayo kwa kawaida hufumbwa. Hivyo mlinzi husoma bahasha tu, ila chombo chake kiwe na cheti halali cha kuyafumbulia.

Mwaka 2017, huko Marekani, cheti cha namna hiyo katika kampuni ya Equifax kilikuwa kimepitwa na muda wake. Chombo kilikuwapo, na pakiti zilipita mbele yake. Walakini wezi walikaa ndani siku 76. Cheti kilipofanywa upya mwezi wa Julai, mara mwendo wa shaka ulionekana. Watu wapatao milioni 147 walikuwa wamekwisha kuibiwa habari zao.

Chombo kilitazama, hakikuona. Kwa hiyo yampasa mlinzi kuuliza, si kama chombo kipo, bali kinaona nini.