Tuiteje 'dawa' inayoua?

NENO 'dawa' hubeba mzigo mzito katika Kiswahili. Dawa humponya mgonjwa, na dawa iyo hiyo kwa jina humwangamiza mende. Kwetu sisi wanaisimu huo ni utajiri wa lugha. Kwa mnywaji wa maji, yaweza kuwa mtego.

Tutazame yaliyotokea katika kisiwa cha Palm, Australia, mwaka wa 1979. Bwawa la kisiwa hicho lilitanda uoto wa kijani, wasimamizi wakaamua kulitia dawa. Dawa yenyewe ilikuwa salfeti ya shaba, ambayo kamusi zetu huiita mrututu. Haukupita muda mrefu, watu 148, takriban wote watoto, wakaugua ini na figo.

Kulikoni? Uoto ule haukuwa mwani halisi bali sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kazi iitwayo usanidinuru. Baadhi yao huhifadhi sumu ndani ya seli zao. Mrututu ulipozipasua seli hizo, sumu ilimwagika majini. Kiumbe kilikufa, sumu yake ikabaki.

Sisemi kwamba kila kemikali ni balaa. Mwaka wa 2009, wataalamu nchini Uholanzi walitia haidrojeni peroksaidi katika ziwa dogo la Koetshuis, miligramu 2 tu kwa kila lita. Kemikali hii kali huvuruga usanidinuru: mwanga unapoziharibu protini zinazoufanikisha, sianobakteria hushindwa kuzikarabati. Mwani wa kijani, wenye kinga imara zaidi, hunusurika. Katika siku chache sianobakteria na sumu yao vilipungua kwa asilimia 99, nayo peroksaidi ikageuka maji na oksijeni. Siri ilikuwa kipimo na aina ya kemikali, si ukali wake.

Msomaji atauliza, haya yanamhusu nini mkazi wa Kisumu? Yanamhusu sana. Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria hutanda sianobakteria mara kwa mara, na wapo wanaoteka maji humo kwa ndoo. Mama anayeyachemsha huamini ameyasafisha. Ameua vijidudu, naam, lakini sumu hiyo haiondolewi na moto wa jikoni.

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Hata hivyo, anayewasha moto wa pili hana budi kuwatahadharisha majirani. Yeyote atakayetaka kutia kemikali katika maji ya umma aitaje kwa jina lake, aeleze inaua nini na inaacha nini, na siku ngapi watu wasiyanywe maji hayo. Aseme hivyo kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, si kwa Kiingereza cha maabara pekee. Istilahi tunazo. Kuzificha nyuma ya neno 'dawa' ni kumnyima raia haki ya kujua anachokunywa.