Buibui wa Darini Hakojolei Watu

Mvua zikianza, swali ni lile lile: picha ya kiumbe mwenye miguu mirefu myembamba kwenye pembe ya dari ya ghala la Shimanzi, Mombasa, na chini yake, "Huyu ndiye anayekojolea watu?" Siye. Wala si opilioni, kiumbe mwingine wa miguu mirefu, kama wengine wanavyojibu. Mwili wa opilioni ni kidonge kimoja kisicho na kiuno, macho yake ni mawili tu juu ya kinundu cha mgongoni, hana tezi za sumu wala hafumi utando. Ukimkuta ananing'inia utandoni, huyo ni buibui. Crossopriza lyoni, mmoja wa hao wa majumbani, tumbo lake limechongoka kwa nyuma, na jike hubeba fungu zima la mayai mdomoni. Gusa utando wake uone anavyojitikisa kwa kasi hadi umbo lake lipotee machoni.

Sasa huo mkojo. Taka ya buibui ni guanini zaidi, uji mweupe unaokauka ukawa vitone ukutani, na hauchomi ngozi. Malengelenge ambayo watu huyaita mkojo wa buibui mara nyingi hutokana na mbawakawa mwembamba wa rangi nyeusi na chungwa, Nairobi fly. Naye haumi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili wake na hutoka anapopondwa, labda usingizini. Ngozi huwaka siku moja au mbili baadaye, mdudu mwenyewe keshatoweka, lawama ikamwangukia aliyebaki darini. Tazameni alama zenyewe: mara nyingi ni mstari, kufuata alipoburutwa, au madonda mawili yanayotazamana kwenye kikunjo cha kiwiko, kwa kuwa mkono ulipokunjwa sumu ilihamia upande wa pili. Tone la kutoka darini halichori hivyo. Mtasema buibui alikuwa juu ya kitanda. Yupo hapo mwaka mzima. Malengelenge huzidi msimu wa mvua, mbawakawa hao wanapoongezeka na kufuata taa, na taa za maghala na za matangi ya mafuta Shimanzi huwaka usiku kucha.

Kinachoudhi zaidi ni tiba ambazo watu hujipaka. Mafuta ya taa huunguza ngozi iliyokwisha kuungua, majivu huchafua kidonda, na ndimu ikipigwa na jua la Mombasa huleta malengelenge yake yenyewe. Baya kuliko yote, hata mkanda wa jeshi huitwa mkojo wa buibui, na dawa zake hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Mgonjwa akizimaliza saa hizo akipakwa majivu, amepotezewa nafasi.

Mbawakawa akitua juu yako, mpulize, usimponde. Akipondeka, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha weka kitambaa cha maji baridi. Sumu ikiingia jichoni, au vipele vikijipanga upande mmoja wa mwili baada ya maumivu, nenda hospitali leo. Usiku punguza taa, shusha chandarua. Buibui mwacheni: huko Thailand ameonekana akila mbu wa dengi, ugonjwa ambao Mombasa inaujua vizuri. Utando ukikukera, ufagio unatosha.