Homa ya Manjano kati ya Msitu na Jiji la Kisangani

Homa ya manjano, ugonjwa wa virusi unaoweza kuharibu ini hadi macho na ngozi vikageuka rangi, huenea nchini Kongo kwa njia mbili: msituni, ambako virusi huzunguka kati ya kima na mbu wa juu ya miti na humpata mwindaji au mkata miti, na mjini, ambako mbu aitwaye Aedes aegypti, anayetaga katika mapipa na matairi yenye maji, huvipeleka kutoka mtu hadi mtu.

Katika mlipuko wa 2016 wengi wa wagonjwa 78 waliothibitishwa na maabara waliambukizwa Angola, lakini wachache waliambukizwa katika misitu ya kaskazini, ukiwamo ule wa Bas-Uele, jimbo linalopakana na Tshopo, ambamo mna Kisangani. Kwa kuwa chanjo ilikuwa haba, Agosti mwaka huo zaidi ya watu milioni 7 wa Kinshasa walichanjwa sehemu moja tu ya tano ya dozi, uamuzi wa ujasiri unaostahili sifa.

Kisangani, bandari iliyozungukwa na msitu na kuunganishwa na Kinshasa kwa mto, iko mahali njia hizo mbili za maambukizi zinapoweza kukutana, na kwa hiyo chanjo ya watoto wa miezi 9, ambayo dozi yake moja kamili hulinda maisha yote, ina uzito wa pekee hapo.