Je, Wajua? Feni za Chai na Hewa ya Paani

Majani mabichi yakifika kiwandani, iwe Litein kule Kericho au Kapkoros huko Bomet, hayasagwi papo hapo. Hutandazwa kwenye vihori virefu vya wavu, na feni hupuliza hewa kutoka chini, mara nyingi kwa saa 12 hadi 18, mpaka yanyauke.

Majani yenye maji ya mvua hudai hewa nyingi, makavu, kidogo. Feni ya zamani hujua kasi moja tu!

Kidhibiti cha kisasa hubadilisha kasi ya mota, kama kifanyavyo kwenye mitambo ya hewa juu ya paa za majengo makubwa ya ofisi. Kasi ikishushwa hadi asilimia 80, umeme unaotumika hupungua karibu nusu, kwani nguvu inayohitajika hufuata kasi kwa kipeo cha tatu.